Gari la Majitaka Liko Njiani

Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na aibu ya nyumba aijuaye mnyonya vyoo. Ndiyo maana mjini kote hakukuwa na mtu aliyejua siri za watu kama Mama Tangi. Alikuwa na gari lake la majitaka, tangi la kijani lililobabuka rangi, alilorithi kwa marehemu mumewe, naye aliliendesha mwenyewe. Wale mabwana waliompita kwenye magari yao wakipandisha vioo, ndio hao hao waliompigia simu asubuhi shimo likifurika: "Mama yangu, mama yangu mzuri, uko wapi?" Mama Tangi alicheka, akavaa buti na glavu, akavuta mpira. Shimo halina bwana mkubwa.

Aliyemfundisha kuendesha lori ni kaka yake. Wazazi walikufa mapema, na kaka ndiye aliyemlea, akamvalisha viatu, akampeleka shule. Watu waliposema mwanamke na lori wapi na wapi, kaka aliwajibu, "Kwani lori linauliza nani kalikalia?" Mtaani walimwita Dalali, na jina hilo hakulipata bure. Shamba la baba yao lilikuwa nje kabisa ya mji. Kisha mji ukaja. Ulikuja kama maziwa jikoni, unageuka mara moja tu kutazama mlangoni, yamemwagika. Leo mahindi, kesho msingi, keshokutwa antena juu ya bati. Dalali akalikata shamba viwanja, akauza. Akampa dada yake kiwanja cha mbele, karibu na lami. Yeye akabaki nyuma kabisa, pale njia inapofikia shule.

Sasa sikia alivyouza. Kila mnunuzi aliyeuliza, "Na barabara je?" Dalali alinyoosha mkono upande wa pili, akasema kwa sauti ya asali, "Usijali, barabara itatoka kwa huyo wa ng'ambo." Ukivuka kwa huyo wa ng'ambo, naye kaambiwa hivyo hivyo. Na neno tamu nani hulikataa? Kila mtu akajenga ukuta wake mpaka mwisho wa kiwanja, akakaa kumngoja jirani atoe njia. Kila mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Watu husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mtaa ule ulianza na ukuta, ufa ukaja baadaye.

Kilichobaki katikati ni uchochoro ambao watu wawili wanene wakikutana, mmoja lazima arudi kinyumenyume mpaka alikotoka. Makabati yalipitishwa juu ya kuta. Wagonjwa walibebwa mgongoni. Na gari la Mama Tangi lililala kituo cha mafuta, kule kwenye lami, kwa sababu halikuweza kumfikia mwenye gari. Mnyonya vyoo wa mji mzima, choo chake mwenyewe hakinyonyeki! Watani wake walimcheka mpaka wakashika mbavu. "Mganga hajigangi, Mama Tangi!" Naye alicheka nao, maana ukilia nani atakubembeleza?

Kicheko kilikwisha siku bwana afya alipofika shuleni. Shule ile ilijengwa kwa ajili ya watoto wachache wa mashambani. Sasa mtaa mzima ulikuwa umemimina watoto wake pale, madarasa yamejaa hadi madirishani, na mashimo ya vyoo yamejaa hadi mdomoni. Bwana afya alichungulia, akaziba pua, akasema neno moja la maana: mashimo yanyonywe kabla likizo haijaisha, la sivyo shule haifunguliwi. Na hakuna kumwaga kwa ndoo, maana wangemwaga wapi, sebuleni kwa nani?

Aliyemletea Mama Tangi habari hiyo ni binti wa Dalali, aliyekuwa mwalimu wa darasa la kwanza pale. Wote walimwita Mwalimu, hata baba yake.

"Shangazi, unaweza kuunganisha mipira kutoka kwenye lami?"

"Mwanangu, nikiunganisha mipira yote hiyo pampu itanyonya upepo mtupu. Lazima gari lifike."

"Halifiki."

"Najua halifiki."

Wakatazamana. Shule ya pili ilikuwa ng'ambo ya barabara kuu, ile ya malori ya usiku na mchana. Mwalimu alikuwa na watoto ambao bado hawajui kufunga kamba za viatu.

Mkutano ukaitwa uwanjani mwa shule. Ofisi ya mji ikamleta Bwana Mipango, kijana mpole ambaye suruali yake ilikuwa na vumbi hadi magotini, kwa hiyo watu wakajua huyu amekuja kwa miguu. Akatandaza ramani juu ya dawati.

"Hawa watoto mnaowaona watakuwa na watoto wao," alisema. "Na wengine wanakuja kutoka vijijini, hatuwezi kuwazuia na hatuna sababu ya kuwazuia. Mji utakuwa mara mbili ya huu. Maji yatapita wapi? Wagonjwa watapita wapi?"

"Hewani!" akajibu mtu, watu wakacheka.

Hakukasirika. Akaweka kidole kwenye ramani. "Barabara ya kuja shuleni ilichorwa kabla hamjanunua viwanja. Ipo. Nyinyi ndio mmejenga ndani yake. Naweza kuomba tingatinga. Mtakwenda mahakamani, na ni haki yenu, na kesi itakwisha hawa watoto wakiwa na ndevu."

Macho yote yakamgeukia Dalali. Dalali akakohoa. "Wakati ule hapa palikuwa shamba," alisema. "Nani angejua?"

Mama Tangi akasimama. "Mimi sitaki kujua nani alijua. Kila mtu arudishe ukuta wake hatua mbili. Wa huku mbili, wa kule mbili. Gari langu litapita na kila kitu kitapita. Basi."

Fundi Cherehani, jirani yake wa ng'ambo, akasema, "Umenena, jirani! Wewe anza. Sisi tuko nyuma yako." Watu wakapiga makofi kwa nguvu. Makofi ni bure.

Akaanza. Asubuhi iliyofuata alimwita mwashi, wakabomoa ukuta wa mbele na kibaraza alichojenga na mumewe, pale walipokuwa wakikaa jioni kubishana juu ya chumvi na mambo mengine yasiyo na maana. Alilia. Hakujificha, alilia na sururu mkononi huku anabomoa. Kisha akajifuta uso, akaenda kazini kwake.

Jioni aliporudi, lo! Uzio mpya wa mabati ulikuwa umesimama mbele ya ukuta wa Fundi, umemeza zile hatua mbili alizoziacha yeye. Na chini yake Fundi alikuwa anamwagilia maua.

"Fundi!"

"Naam, jirani."

"Nini hiki?"

"Si uliacha nafasi wazi? Nikasema labda huihitaji tena. Nikaona nipendezeshe mtaa."

Mama Tangi akanyamaza. Na Mama Tangi akinyamaza, wewe kimbia. Alitoka hadi kituo cha mafuta, akawasha gari, akalirudisha nyuma taratibu kutoka kwenye lami mpaka ndani ya pengo alilobomoa, tairi za upande mmoja zikikanyaga ua wake, akalisimamisha hatua moja kutoka kwenye mabati, matako ya tangi yakitazama dirisha la Fundi. Halikuwa na tone ndani, na lilikuwa limeoshwa. Lakini tangi la majitaka hata ulioshe kwa manukato ya bibi harusi, halisahau kazi yake.

"Jirani," Fundi akasema kupitia kitambaa, "unaegesha hapa?"

"Siegeshi. Niko njiani, naenda shule. Njia ikipatikana nitaondoka."

Kila asubuhi alikwenda kazini, na kila jioni lile tangi lilirudi pale pale. Wateja wa Fundi wakaanza kunusa nguo zao kabla ya kuzivaa. Bibi mmoja alirudisha gauni la sherehe, akasema linanuka kama mtaro. Fundi akapeleka mashtaka ofisi ya mji. Bwana Mipango akaja na ramani yake, akapima huku na huku, akasema, "Kwenye ramani yangu gari hili liko katikati ya barabara. Barabarani magari hupita, mzee wangu. Kisichotakiwa ni uzio." Akaondoka anang'ata midomo asicheke.

Fundi alishindana mpaka mke wake alipohamia chumba cha uani na kumwachia cherehani na harufu yake. Hapo akang'oa uzio, akarudisha na ukuta. Mama Tangi akampa asante ya dhati, akasogeza gari mbele mpaka nyumba iliyofuata.

"Hodi," alisema. "Niko njiani."

Hivyo ndivyo gari lilivyotembea, ukuta kwa ukuta. Mzee mmoja alifungua redio kwa sauti kubwa, kana kwamba harufu huingia masikioni. Alikohoa mpaka akachoka, akabomoa. Mwingine alimtukana matusi ya nguoni. Mama Tangi alisikiliza mpaka mwisho, akamwuliza, "Umemaliza? Watoto wako wawili wanasoma pale, sivyo?" Yule akaenda kutafuta sururu. Na jambo la ajabu, aliyebomoa hakutaka kubaki mbumbumbu peke yake. Fundi Cherehani, ambaye juzi alikuwa adui, sasa ndiye aliyetangulia mbele ya gari akigonga mageti. "Toeni njia! Mimi nimetoa, wewe ni nani?" Wengine waliona aibu tu, wakabomoa kabla gari halijawafikia, na hao ndio walikuwa wengi. Mtaa ukapata upana. Watu wakaanza kupita wakipunga mikono, kwa sababu tu mikono ilikuwa na nafasi.

Kisha ukabaki ukuta mmoja. Nyuma yake paa la shule lilionekana wazi. Ulikuwa ukuta wa Dalali.

Hapo gari likalala. Jioni ya kwanza Mama Tangi aliliacha kwa jirani wa Dalali, ambaye alikwisha kubomoa na hakustahili adhabu. Jioni ya pili, pale pale. Fundi akamwendea.

"Mbona kwa Dalali hulipeleki? Kwangu lilifika siku ile ile."

"Nampa nafasi."

"Unampa nafasi, au unamwonea haya?"

Fundi alisema kweli na Mama Tangi alijua, na usingizi ulimkataa kwa sababu hiyo. Kwa wengine ilikuwa rahisi. Huyu alimshika mkono siku walipomzika mama.

Akaenda kwa kaka yake bila gari. Alimkuta Dalali getini, geti jipya lenye paa la vigae, na vyuma vilivyopindwa maua.

"Kaka, nimekuja kwa miguu."

"Nimeona. Karibu. Najua ulichokuja nacho."

"Ukuta na hili geti tu. Nyumba haiguswi."

"Mimi nimekulea," Dalali akasema, na sauti yake haikuwa ya asali. "Leo unanijia na sururu? Jumamosi wakwe wanakuja kumposa mwanangu. Geti hili nimelijenga kwa ajili yao, waone binti anatoka kwa watu. Wewe ni shangazi mtu, utawapokea. Wakishaondoka tutazungumza."

"Jumatatu asubuhi bwana afya anakagua. Mashimo yale yanataka safari nyingi, Jumapili peke yake haitoshi. Nisipoanza Jumamosi, shule imefungwa."

"Kwa hiyo watoto wa watu ni bora kuliko mtoto wa kaka yako?"

Akarudi nyumbani maneno hayo yakimchoma. Ijumaa mchana alikuwa kituo cha mafuta, anaosha mipira, wakati Mwalimu alipokuja na kusimama mbele yake, viatu mkononi kwa sababu ya maji.

"Shangazi, kesho lilete."

"Siku ya posa yako? Una wazimu?"

"Jumatatu mimi ndiye nitakayesimama langoni kuwarudisha watoto. Wale wangu wanaoshikana mikono. Niwaambie wavuke barabara kuu kwa sababu baba yangu ana geti zuri?" Macho yalimjaa machozi lakini hakuyaacha yamwagike. "Na kama ukoo ule utanikataa kwa harufu ya siku moja, basi heri wanikatae mapema."

Mama Tangi akamtazama. Alitaka kumkumbatia, lakini kwa glavu zile angemkumbatia vipi? Akasema tu, "Mchana utanikuta getini."

Jumamosi alivaa gauni lake zuri kuliko yote, akajifunga kitambaa cha hariri, akajipaka mafuta mazuri, akapanda nyuma ya usukani. Gari likapita mtaa mzima likinguruma, likasimama pua na geti la vigae. Dalali akatoka mbio, kanzu nyeupe, mikono hewani.

"Unaniaibisha! Dada, unaniaibisha! Wamefika!"

Na kweli walikuwa wamefika. Gari lao, gari dogo la kwanza katika historia ya mtaa kufika mbali vile, lilisimama nyuma ya tangi. Wakashuka, wazee wawili, mama watatu na mwoaji mwenyewe aliyeendesha, na leso zikapanda puani zote kwa pamoja. Mama Tangi akateremka, akapiga goti kidogo kwa heshima.

"Karibuni wageni wetu. Shikamooni. Mimi ndiye shangazi wa binti."

"Marahaba," akasema mzee aliyewatangulia, baba wa mwoaji. Alilitazama tangi, akamtazama yeye na hariri yake, na udadisi ukamshinda adabu. "Shangazi, samahani. Hili gari linakwenda wapi?"

Mama Tangi alikuwa na jibu tayari mdomoni. Alikwisha kulitoa mara nyingi mno, angelitoa hata usingizini. Lakini akaona halikuwa jibu lake siku ile.

"Mwulize mwenye nyumba, baba. Yeye anajua."

Wote wakamgeukia Dalali. Dada yake alimjua mtu huyu. Aliiona midomo yake inaanza kutafuta neno tamu, na maneno matamu hayakuwahi kumpungukia maishani. Dalali akatazama wageni. Akatazama majirani waliojaa nyuma, kila mmoja aliyeuziwa na yeye. Kisha akamwona binti yake mlangoni, amevaa mavazi yake ya siku ile.

"Linakwenda shuleni," alisema. "Shule anayofundisha binti yangu."

"Mbona limesimama?"

"Limezuiwa na ukuta wangu." Akauwekea mkono. "Ukuta huu uko barabarani, bwana mkubwa. Na nilijua. Tangu siku ya kwanza nilijua. Kila niliyemuuzia hapa nilimdanganya. Hata huyu. Huyu niliyemlea, nilimdanganya."

Mama Tangi alidhani kwamba alikwisha kuyajua hayo na kuyazoea. Lakini kuyasikia kwa mdomo wa kaka kulimpiga kifuani, akageuza uso, machozi yakamharibia mafuta yake yote.

Baba wa mwoaji akakohoa katika leso. "Sisi tulikuja kuomba mke," alisema. "Hatukuja na sururu."

"Sururu zipo!" Fundi Cherehani akapaza sauti kutoka nyuma.

Dalali ndiye aliyepiga ya kwanza. Alivua kanzu, akabaki na fulana, akapiga geti lake la vigae kama mtu anayeua nyoka. Majirani wakaingia. Mwoaji mwenyewe akakunja suruali akaingia, na hapo shangazi akasema moyoni, huyu tumpe. Jua halijapinda sana, gari likapita juu ya kifusi likayumbayumba, likaingia shuleni, na pampu ikaanza kunguruma. Chakula cha posa kililiwa ndani, madirisha yamefungwa, watu wakijadili mahari kwa sauti ya kushindana na pampu. Shangazi hakukila. Alikuwa safarini, kwenda na kurudi, na gauni lake limekunjwa kiunoni juu ya buti.

Jumatatu bwana afya alichungulia, akatikisa kichwa kukubali, kengele ikapigwa. Wale wadogo wa Mwalimu wakaingia wameshikana mikono.

Lakini nyuma ya shule kulikuwa na pori, la mtu mwingine, na yule mtu alikuwa amekwisha kumpa Dalali kazi ya kumuuzia. Vijiti vya mipaka vilikuwa vimeanza kuchomekwa kwenye majani. Wanunuzi walikuwa wanapiga simu. Mama Tangi aliviona vile vijiti Jumatatu hiyo hiyo akiwa langoni, akampigia simu Bwana Mipango. Alikwenda kwa kaka yake, akamkuta amekaa kwenye kifusi cha geti lake, akamfungulia mlango wa gari.

"Panda."

"Na nguo hizi?"

"Panda, kaka."

Akapanda. Bwana Mipango alikuwa akiwangoja mwisho wa uwanja wa shule na ramani yake na vibendera vyekundu. Alitangulia kwa miguu, akichomeka bendera moja huku, nyingine kule, kufuata barabara iliyochorwa, na gari likamfuata ndani ya majani marefu, likipondaponda vichaka, tangi likigongagonga. Hapakuwa na nyumba hata moja. Palikuwa na kunguru tu, wakiruka mbele yao kwa hasira. Walipofika mwisho wa pori, Mama Tangi alizima injini, wakageuka kutazama nyuma. Majani yalikuwa yamelala kwa mistari miwili, lakini mengine yalianza kuinuka tena.

Simu mfukoni mwa Dalali ikalia, akaikata.

"Yanainuka," alisema. "Rudi tena, dada. Rudi mpaka udongo uonekane, kabla sijapokea simu ya mnunuzi yeyote."

Mama Tangi akawasha gari.